YouVersion kwa Kiswahili: Biblia nzuri ya mfukoni, lakini ipange upya kabla hujaitegemea

Programu ya Biblia ya YouVersion haihitaji utambulisho mrefu. Ilitoka Julai 2008, mwezi uleule Apple walipofungua duka lao la programu, na watengenezaji wake ni kanisa la Life.Church la Oklahoma, Marekani. Mwishoni mwa 2021 ilikuwa imeshapita mara milioni 500 za kupakuliwa. Ni bure, haina matangazo, na menyu zake zinapatikana kwa Kiswahili sawa na Maandiko yenyewe. Kwa kutafuta aya mhubiri anapoitaja Jumapili, ni chombo kizuri na hatuna la kuongeza.

Lakini wengi hawaiweki kwenye simu kwa sababu hiyo. Wanataka neno la kutembea nalo: dukani, shambani, jikoni, kwenye daladala, mbele ya bosi mkali. Wanataka mambo ya kila siku yawafundishe kitu kuhusu Mungu. Kwa kazi hiyo programu hii inasaidia nusu. Inakuletea aya kwa wakati, lakini ikiachwa jinsi inavyokuja, huikata ile aya kutoka kwenye maisha yaliyoizunguka ndani ya Biblia kwenyewe, na mara nyingi fundisho la kila siku liko kwenye sehemu iliyokatwa.

Aya ya Siku

Huu ndio mlango wa wengi. Kila asubuhi inatokea aya moja juu ya picha ya milima au bahari, na chini yake kitufe cha kushirikisha. Kuanzia kufumbua macho hadi kuiweka kwenye stetasi ya WhatsApp ni sekunde chache tu, kwa hiyo aya inasambazwa kabla haijasomwa.

Chukua Yeremia 29:11, aya ya mahafali na kadi za harusi, inayosema Mungu anawawazia watu wake amani wala si mabaya. Sasa anzia aya ya 4. Kumbe ni barua. Yeremia yuko Yerusalemu, anawaandikia watu waliohamishiwa Babeli kwa nguvu. Sura moja kabla, nabii Hanania alikuwa ametangaza kwamba mambo yangerudi kama zamani ndani ya miaka 2. Yeremia anawaambia ni 70. Ahadi ya aya ya 11 imekaa juu ya hiyo miaka 70, na kabla yake kuna maagizo ya kawaida kabisa: jengeni nyumba mkae, pandeni bustani mle matunda yake, oeni na kuoza, utakieni mema mji mliopelekwa na kuuombea. Mtu aliyepanga chumba katika mji asioupenda, anayesubiri maisha yake yaanze siku atakapohamishwa kazi, somo lake limo katika aya ya 5 hadi ya 7. Ukimpa ya 11 peke yake unampa matumaini ya Hanania kwa maneno ya Yeremia.

Wafilipi 4:13 nayo ni vivyo hivyo. Kwenye fulana za wanamichezo ni aya ya ushindi. Ukisoma aya ya 11 na ya 12 unakuta Paulo, akiwa kifungoni, anaeleza alivyojifunza kushiba na kuona njaa. Ni aya ya mwisho wa mwezi, mshahara ukiwa umeisha na mwingine haujaingia.

Hili si kosa la programu tu, ni letu pia. YouVersion hutangaza kila mwaka aya iliyotumiwa zaidi na watu wake: mwaka 2020 na 2022 ilikuwa Isaya 41:10, mwaka 2024 Wafilipi 4:6. Usiogope, msijisumbue. Hakuna ubaya, faraja ni chakula. Lakini mfanyabiashara anahitaji pia Mithali 11:1 juu ya mizani ya hadaa, na mwenye vibarua anahitaji Yakobo 5:4 juu ya ujira uliozuiliwa. Hizo huzikuti kwenye picha ya machweo.

Tiba yake haichukui dakika tano. Usisome aya juu ya picha. Gusa rejeo lake ufungue sura nzima. Rudi nyuma aya kumi, endelea mbele aya tano, kisha jiulize mambo matatu: nani anasema, anamwambia nani, na hao watu siku hiyo walikuwa wakifanya kazi gani. Swali la tatu ndilo linaloleta Maandiko jikoni na dukani. Wavuvi walikuwa wakiosha nyavu. Ruthu alikuwa akiokota masazo ya shayiri. Gideoni alikuwa akipura ngano shinikizoni akijificha. Wanawake walikuwa wakienda kaburini wamebeba manukato waliyokwisha kuyalipia.

Tuseme pia kwamba aya moja kwa siku si uvumbuzi wa simu. Wamoravian wa Herrnhut, Ujerumani, wanachapisha neno la kila siku tangu kitabu cha mwaka 1731, na wenzao walioingia Rungwe mwaka 1891 walikulia katika desturi hiyo. Aya ya Agano la Kale huchaguliwa kwa kura, kisha mtu hukaa chini na kuitafutia mwenzake kutoka Agano Jipya. Hapo kuna tofauti kubwa: aya mbili zikiwekwa pamoja zinamlazimisha msomaji kufikiri. Katika YouVersion kazi hiyo ya kutafuta mwenzake itabidi uifanye mwenyewe.

Tafsiri gani uiweke

Kwa Kiswahili zipo kadhaa, na kuchagua ovyo kunagharimu. Biblia ya Union ya 1952 ndiyo inayosikika katika makanisa mengi ya Kiprotestanti, na hata mapitio yake mapya yamebaki na sauti ileile. Habari Njema ni ya lugha nyepesi, na ina toleo lenye vitabu vya deuterokanoni, vile visivyomo katika Biblia za Kiprotestanti, ambalo ndilo msomaji Mkatoliki atafute. Neno, ya shirika la Biblia liitwalo Biblica, iko katikati. Kwa anayependa kuchimba, humo imo hata ile ya Karl Roehl ya 1937, mmishonari aliyeyakwepa maneno ya Kiarabu kwa makusudi. Usiifanye ya kila siku, lakini ukikwama kwenye aya ifungue.

Kwa lengo la tathmini hii, kitufe cha kulinganisha tafsiri kina thamani kuliko picha zote. Jaribu Luka 15:8. Katika Union mwanamke ana shilingi kumi na amepotewa na moja. Msomaji wa leo ataona mtu amewasha taa na kufagia nyumba nzima kwa kitu kisichonunua hata pipi, na mfano unageuka kichekesho. Gusa aya, chagua kulinganisha, uone tafsiri nyingine zinavyotaja sarafu za fedha. Sarafu iliyotajwa kwa Kigiriki ni drakma, thamani yake ni karibu ujira wa kibarua wa siku moja, sawa na ile dinari ya Mathayo 20:2. Basi huyu mama amepoteza sehemu ya kumi ya akiba yake, pesa ya kutwa nzima ya jasho. Mama lishe aliyepungukiwa na mauzo ya siku anaelewa mfano huu bila kuhubiriwa.

Ushauri wetu: soma kwa Habari Njema au Neno, kariri kwa Union. Pakua zote mbili. Fungua Biblia, gusa jina la tafsiri lililo juu, chagua lugha, kisha bonyeza alama ya kupakua. Ingia kwanza kwa akaunti yako. Maandishi ya Biblia nzima ni mepesi sana, hayali bando la kukusumbua, na baada ya hapo unasoma hata pasipo mtandao. Wenye haki za tafsiri ndio wanaoruhusu kupakua, kwa hiyo usipokiona kitufe hicho kwenye tafsiri fulani, simu yako haina tatizo.

Mipango ya kusoma

Mipango ni mingi, na mingi imetafsiriwa kutoka Kiingereza. Theolojia inaweza kuwa safi kabisa lakini mifano ikawa ya theluji mlangoni na mkopo wa nyumba wa miaka thelathini. Kwa anayetafuta mafunzo katika siku yake mwenyewe, mfano ukiwa wa mbali kazi inakuwa mbili: kwanza uelewe maisha ya mwandishi, ndipo ufike kwenye aya.

Mpango tunaoupendekeza wazi ni Soma Biblia Kila Siku, unaotolewa kwa mwezi mmoja mmoja na Soma Biblia ya Tanzania. Kila siku una kifungu cha kutosha, si aya moja, na ufafanuzi mfupi uliofikiriwa kwa Kiswahili. Hauna mapambo. Ndiyo sifa yake.

Kwa mipango mingine, kabla ya kubonyeza kuanza fungua siku ya kwanza uipime. Je, kifungu kinafika aya nane au kumi? Je, maelezo yanarudi kwenye kifungu au yanaondoka nacho kama gari lililokosa breki? Je, mwishoni unaambiwa ufanye jambo moja linaloonekana, au uhisi tu? Mpango ukishindwa mawili kati ya hayo, acha. Na usianze mpango wa pili kabla wa kwanza haujaisha. Kosa la kawaida ni kuwa na mipango mitano iliyokwama siku ya tatu, kila mmoja ukikudai. Ukichelewa, kuna kitufe cha kusogeza tarehe mbele ili siku ulizoruka zisikuandame. Kitumie bila aibu.

Kuhusu hesabu ya siku mfululizo: inahesabu siku ulizofungua programu, haihesabu kusoma. Mtu anaweza kufikisha mamia ya siku kwa kugusa na kufunga. Kwa wengine hesabu hiyo ni kichocheo kizuri cha wiki mbili za mwanzo, kisha inageuka kuwa bwana. Ukijikuta unafungua programu saa tano na dakika hamsini za usiku ili tu namba isikatike, ujue umeanza kuitumikia namba.

Vidokezo, na tafakari ya jioni

Sehemu hii ndiyo yenye mali, na ndiyo inayotumiwa kidogo kuliko zote. Gusa aya yoyote, chagua kuandika kidokezo, na maneno yako yanabaki yamefungwa kwenye aya hiyo. Ukiwa umeingia kwa akaunti, simu ikipotea hayapotei nayo. Kabla ya kuandika la kwanza, angalia nani anaruhusiwa kuliona: weka la faragha. Kidokezo kinachomtaja shemeji yako hakina kazi machoni pa marafiki wa kanisani.

Muundo wa kuandika usiutunge upya. Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti aliyefariki mwaka 1556, aliacha utaratibu wa hatua tano ambao Mkristo wa dhehebu lolote anaweza kuutumia. Ukiupanga kwa dakika kumi za jioni unakaa hivi. Dakika mbili za kwanza ni za kushukuru, na shukrani iwe ya kitu chenye jina: maji yaliyotoka, mteja aliyelipa deni, mtoto aliyeshuka homa. Dakika moja omba nuru ya kujiona ulivyo. Dakika nne ipitie siku kwa saa, tangu kuamka, ukisimama pale moyo ulipopanda au kushuka ghafla. Dakika mbili tubu kwa jambo mahususi. Dakika ya mwisho amua la kesho, moja tu, lenye saa na mahali.

Sasa fungua kifungu ulichosoma asubuhi na uandike sentensi tatu chini ya aya iliyokutana na siku hiyo: kilichotokea, aya inasema nini juu yake, nitafanya nini. Kwa mfano, fundi cherehani aliyeahidi nguo Ijumaa akijua haitakuwa tayari ataandika chini ya Mathayo 5:37: nilisema ndiyo nikijua ni siyo, neno linataka ndiyo iwe ndiyo, kesho saa tatu nitampigia mteja na kumpa tarehe ya kweli. Haina ushairi, na ndivyo inavyotakiwa. Kidokezo kirefu chenye maneno ya kuhubiri kwa kawaida hakina sentensi ya tatu.

Rangi za kupaka aya nazo zisiwe urembo. Zigawe kwa maeneo ya maisha: moja ya kazi, moja ya fedha, moja ya nyumbani, moja ya mwili na ugonjwa. Baada ya miezi mitatu fungua orodha ya ulizopaka. Rangi inayokosekana itakuonyesha ni chumba gani cha maisha hujawahi kumruhusu Mungu akiingie, na kwa wengi ni ile ya fedha.

Hapa lazima tutoe onyo ambalo programu yenyewe haitoi. Anayezoea kutafuta fundisho katika kila jambo huanza kuliona hata pasipokuwepo. Pancha inakuwa ujumbe, foleni inakuwa ishara, na jirani aliyeunguliwa na duka anakuwa somo. Luka 13:4 imefunga njia hiyo. Watu 18 waliangukiwa na mnara huko Siloamu, na Yesu akakataa kabisa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine. Akawageuzia swali waliokuwa wakimsikiliza. Kipimo chake ni rahisi: fundisho halali linakudai wewe kitu. Likieleza kwa nini mwenzako amepata msiba, lifute. Na siku nyingine hazina fundisho. Andika shukrani, funga simu, lala.

Sauti, bando na arifa

Kwa mtu ambaye mikono yake iko kwenye unga au usukani, kusikiliza ndiyo njia pekee ya kweli. Sauti inaweza kupunguzwa au kuongezwa kasi, na kuna kipima muda cha kuizima. Tatizo ni bando. Kwa kiwango cha kilobiti 64 kwa sekunde, saa moja ya sauti hula karibu megabaiti 29. Video za tafakari hula zaidi sana. Sikiliza ukiwa kwenye Wi-Fi, au pakua pale tafsiri inaporuhusu. Chagua simulizi kuliko nyaraka: Ruthu nzima, sura 4, inaisha kabla maharage hayajaiva, na humo mna njaa, uhamiaji, mama mkwe, kazi ya kutwa na hati ya shamba. Warumi kwa masikio katikati ya kelele za soko ni kujitesa.

Arifa ya asubuhi izime au ihamishe. Saa 12 inaingia pamoja na jumbe za makundi na salio la benki, na kidole kinaifuta pamoja nazo. Iweke saa ambayo unakaa kweli: mapumziko ya saa nne, au dakika za kusubiri abiria wajae. Simu nyingi za Android za bei nafuu huua programu zinazofanya kazi chinichini ili kutunza chaji, ndiyo maana arifa huchelewa au haiji. Nenda kwenye mipangilio ya betri, tafuta programu hii, iruhusu kufanya kazi bila kizuizi.

Orodha ya maombi inafanya kazi yake. Kusoma mpango pamoja na marafiki ni kuzuri mkiwa watatu au wanne mnaojuana, kundi la watu thelathini huishia kwenye „Amina” thelathini.

Inamfaa nani

Tunaipa nne kati ya tano kama Biblia, na mbili na nusu kama mwalimu wa maisha ya kila siku jinsi inavyokuja. Ukishazima arifa, ukapakua tafsiri mbili, ukabaki na mpango mmoja na kuanza vidokezo vya jioni, ya pili inapanda hadi tatu na nusu.

Kwa simu yenye nafasi ndogo kuna Bible App Lite, toleo jepesi la watengenezaji walewale kwa Android. Limepunguzwa mambo mengi, na mengi ya yaliyopunguzwa hutayakumbuka. Anayejijua kwamba akishika simu kusoma Zaburi anajikuta kwenye TikTok asijidanganye: anunue Biblia ya karatasi na daftari la shule, aitumie programu kwa kulinganisha tafsiri na kusikiliza tu. Zile hatua tano za jioni zinaingia kwenye ukurasa mmoja wa daftari hilo.